Uko katikati ya digrii na moyo umehamia kwengine: namna ya kubadili njia ya kazi bila kuitupa miaka uliyosoma

Kila mwaka, mitihani ya semista ya kwanza ikikaribia, kuna wanafunzi wa kampasi za Tunguu, Vuga na Chukwani hapa Zanzibar wanaoanza kuulizana kwa sauti ya chini: nimeshafika katikati, na kazi ninayosomea siitaki tena, nifanye nini? Wengi wao si wavivu na wala hawajafeli. Walijaza fomu za kuomba chuo wakiwa wadogo, wakaingia kozi waliyoingia kwa sababu alama za kidato cha sita ziliruhusu hiyo, au ilisemekana ina nafasi nzuri ya mkopo, au wazee nyumbani walisema ualimu ndio ajira ya serikali. Hakuna la kuona haya hapo.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi huyo, awe yuko SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), Chuo Kikuu cha Zanzibar au SUMAIT (Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait), au awe amepanda boti kwenda kusoma Dar es Salaam. Msimamo wangu nauweka mapema. Digrii ni uamuzi mmoja na kazi ni uamuzi mwengine, na yote mawili huharibika yakifanywa kitu kimoja. Unaweza kuamua leo kwamba kazi yako itakuwa nyengine, na bado ukaimaliza digrii ile ile huku ukiigeuza kutoka ndani. Kuacha chuo au kuanza upya kuna mahali pake, nami nitasema ni wapi, lakini pasiwe mahali pa kuanzia.

Hatua ya kwanza: jua unachokikimbia

Kaa peke yako na karatasi, uandike mambo yanayokuchosha kwa majina yake. Usiandike "chuo kimenishinda". Andika: somo la takwimu silielewi; mwalimu wa somo fulani ananivunja moyo; nikijiona darasani na wanafunzi 70 wa skuli ya msingi roho inakataa; bumu (pesa ya kujikimu) limechelewa na nimechoka kuishi kwa mikopo ya rafiki.

Sasa tenganisha. Somo moja au mwalimu mmoja ni jambo la semista moja, litapita. Shida ya pesa itakufuata kwenye kozi yoyote utakayohamia. Kinachobaki baada ya kuyaondoa hayo mawili ndicho cha kufanyia kazi: je, unaikataa kazi yenyewe, ile utakayoamka nayo kila siku kwa miaka, au umevutwa na kazi nyengine hata kama hii huichukii? Aliyevutwa ana kitu cha kujaribu. Anayekimbia tu hana bado, na huyo ndiye mwenye hatari kubwa ya kuhama kozi mara mbili.

Hatua ya pili: ijaribu kazi hiyo kwa mikono yako

Hapa ndipo watu wengi wanaruka, na ndipo ningekuomba ukae muda mrefu zaidi. Mtu anaona picha za mzamiaji wa Mnemba kwenye simu, au anasikia kijana wa jirani analipwa kwa dola kwa kuandika programu, na siku ya pili anataka kwenda ofisi ya usajili. Picha hazionyeshi kubeba mitungi ya hewa juani wala kukaa na kosa moja la programu mpaka alfajiri.

Zanzibar ina jambo moja linalokusaidia. Msimu mkubwa wa watalii huanza Juni hadi Oktoba, kisha hurudi Disemba hadi Februari. Likizo ndefu ya vyuo huangukia ndani ya ule msimu wa kwanza, wakati hoteli za Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani zinahitaji mikono zaidi. Masika ya Aprili na Mei, ambapo baadhi ya hoteli hufunga kabisa, wewe uko darasani. Kwa anayefikiria utalii, kalenda ya chuo na ya kazi zinaoana vizuri, ila inakubidi uombe nafasi mapema. Ukienda Julai na barua mkononi, wenzako walishaingia. Nenda Machi au Aprili, wakati meneja ana muda wa kukusikiliza.

Usiingie kwa cheo. Ingia kwa kazi yoyote inayokuweka karibu na unachotaka kukijua. Anayesoma biashara na anataka kuwa mzamiaji aombe kukaa kwenye dawati la kituo cha uzamiaji: apokee wageni, ajaze fomu za afya, aoshe vifaa baada ya safari. Baada ya wiki chache atajua kama anaipenda bahari ya kila siku, pamoja na zile siku ambazo upepo umekataa na wageni wamekasirika. Akiipenda, njia yake inajulikana. Kwa mfumo wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, unaanza Open Water, unakwenda Advanced, kisha Rescue, ndipo Divemaster, ambayo inataka uwe na miaka 18, uwe umeshazamia mara 40 kuanza na mara 60 kumaliza. Ni gharama, hivyo uliza kama kituo kinapokea vijana wa hapa kwa mpango wa kufanya kazi huku wakifundishwa. Kama mpango upo, uandikwe: miezi mingapi, nani analipia vyeti, na ukiondoka kabla ya muda itakuwaje.

Kwa wa Pemba, ambako hoteli ni chache, jaribio lako laweza kuwa shughuli nyengine. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, na anayesoma kemia au biolojia anaweza kukaa na kikundi cha kina mama wanaolima na kusindika, akaona kazi inavyokwenda kuanzia kamba mpaka sabuni. Atajifunza upesi kwamba mwani wa aina ya spinosum hukua kwa urahisi lakini bei yake ni ndogo, na ule wa cottonii una bei nzuri zaidi lakini hufa maji ya pwani yanapopata joto. Hilo peke yake linampa maswali ya kisayansi ya mwaka mzima.

Anayetaka kompyuta asianze kwa kununua kozi. Aanze na tatizo dogo la mtu wa karibu: duka la mjomba halina hesabu ya mali, skuli ya mtaani inaandika matokeo kwa mkono, msikiti unakusanya michango kwenye daftari. Atengeneze kitu kinachofanya kazi, hata kama ni jedwali lililopangwa vizuri, na mtu huyo akitumie kweli. Kama baada ya kukitengeneza unataka kukiboresha bila kuambiwa, hiyo ni dalili nzuri. Kama ulikuwa unahesabu dakika, nayo ni dalili, na umeipata bila kulipa ada ya mtu.

Ukiwa huko, tafuta mtu aliyekaa kwenye kazi hiyo miaka mitano au zaidi na umuulize mambo matatu. Mwezi mbaya kuliko yote anaingiza kiasi gani? Nini kilimfanya atake kuacha? Angekuwa na miaka yako angesomea nini? Mtu mzima wa hapa hatajibu swali la pesa mbele za watu, kwa hiyo muulize mkiwa wawili, kwa adabu, na baada ya kumsaidia kazi kwanza.

Hatua ya tatu: jua kama mlango una kufuli

Kazi hazifanani kwa namna zinavyotazama vyeti, na kutolijua hili kumewagharimu vijana wengi miaka.

Zipo kazi zilizofungwa. Daktari, muuguzi, mfamasia, mhandisi na wakili wanahitaji elimu ya fani hiyo hiyo, kisha usajili. Anayetaka kuwa wakili lazima aanze na digrii ya sheria, na hakuna kozi fupi itakayomvusha. Kama moyo wako umehamia kwenye mojawapo ya hizi, basi huko ndiko kuanza upya kunakuwa na maana, na hatua ya nne itakuhusu sana.

Zipo zenye mlango wa pembeni. Ualimu ni mfano mzuri: mwenye digrii ya fani isiyo ya ualimu anaweza kusoma stashahada ya uzamili ya elimu kwa muda wa kama mwaka mmoja, Chuo Kikuu Huria ni miongoni mwa wanaoitoa, akawa mwalimu. Uhasibu nao. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, inawapokea kwenye mitihani yake hata wenye digrii zisizo za uhasibu, ingawa wanaanzia ngazi ya chini kuliko mwenzao aliyesomea. Fani nyingi za uongozi, mipango, utalii na teknolojia zina shahada za uzamili zinazopokea watu wa digrii mbalimbali. Kwa hawa, digrii uliyo nayo sasa ndiyo ngazi yenyewe ya kupandia, hivyo kuiacha ni kujivunjia ngazi.

Na zipo zilizo wazi: kuandika programu, usanifu wa picha, upigaji video, biashara, tafsiri, kufundisha Kiswahili kwa wageni, kazi nyingi za hoteli. Hapa mwajiri anataka kuona ulichofanya. Kuwa wazi hakumaanishi hakuna kanuni, kwani anayetaka kuwatembeza wageni, kwa mfano, anahitaji leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na asiyekuwa nayo anafanya kazi kwa kujificha. Lakini hakuna anayekudai digrii ya jina fulani.

Angalizo kwa anayetaka ajira ya serikali: matangazo ya Tume ya Utumishi Serikalini hutaja fani ya elimu inayotakiwa kwa kila nafasi. Soma matangazo ya nyuma ya nafasi unayoiota, uone wameandika nini. Saa moja ya kusoma matangazo ya zamani itakusaidia kuliko miezi ya kuuliza marafiki.

Hatua ya nne: piga hesabu ya njia zako, moja moja

Kwa vyuo vikuu vya Tanzania, Zanzibar ikiwemo, msimamizi ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kwa mfumo wake, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, mwaka wa masomo ni krediti 120, na digrii ya miaka mitatu inataka zisizopungua 360. Chukua matokeo yako na uhesabu krediti ulizokwisha kufaulu. Wengi wakifika hapo wanashtuka kwa furaha, maana walidhani wako mwanzo na kumbe wameshavuka nusu.

Njia ya kwanza ni kumaliza na kugeukia baadaye. Andika muda uliobaki na ada iliyobaki, pamoja na mwaka mmoja wa masomo ya juu kama mlango wako unauhitaji.

Ya pili ni kuhama programu ndani ya chuo hicho hicho. Hii hufanyika zaidi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, katika muda maalumu, na ukishafika mwaka wa pili maana yake kwa kawaida ni kurudi nyuma. Pia unapimwa kwa sifa za kuingia za programu mpya. Sifa ya jumla kwa aliyetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Tatizo huwa si pointi, ni masomo yenyewe: aliyesoma historia, jiografia na Kiswahili hataingia uhandisi kwa pointi za masomo hayo, hata akiwa na A zote. Njia ya kuzunguka ipo, nayo ni stashahada ya fani mpya yenye GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0, ambayo hufungua mlango wa digrii. Kwa fani za ufundi, Taasisi ya Karume pale Mbweni ni mahali pa kuuliza.

Ya tatu ni kuhamia chuo chengine na krediti zako. Inawezekana, ila chuo kinachokupokea ndicho kinachoamua somo lipi linalingana na la kwao, na uhamisho lazima upitie TCU. Nenda na transkripti ya muda na muhtasari wa kila somo ulilofaulu, uliogongwa muhuri. Bila muhtasari huo watalinganisha majina ya masomo tu, na utapoteza krediti ambazo ni haki yako. Na usitegemee miujiza: kutoka ualimu wa sanaa kwenda sayansi ya kompyuta, yatakayolingana ni yale masomo ya jumla, kama stadi za mawasiliano na maendeleo.

Ya nne ni kuahirisha masomo. Ni njia halali na inasahaulika. Kila chuo kina kanuni ya kuahirisha kwa sababu maalumu na kwa muda wenye ukomo. Inamfaa mwenye ugonjwa, msiba mzito au ada iliyokwama. Kwa anayetaka tu kwenda kujaribu kazi, likizo ndefu inatosha. Ila kuondoka kimya kimya bila barua usifanye kabisa, maana chuo kitakuhesabu umeacha.

Ya tano, kuacha na kuanza upya. Nasema wazi kwamba inafaa kwa watu wa aina mbili. Mmoja ni yule aliyejaribu, akathibitisha, na kazi anayoitaka imefungwa kwa cheti cha fani yake, naye bado yuko mwaka wa kwanza au mwanzo wa pili. Mwengine ni yule anayekaribia kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) hata hivyo, ambaye kila semista ana sapu (mitihani ya kurudia) nne na hana njia ya kupanda. Kwa aliye mwaka wa tatu wa digrii ya miaka mitatu, siioni sababu ya kuacha isipokuwa afya.

Kabla ya kuchagua, nenda ofisi ya mkopo. Kama unafadhiliwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar au ile ya Tanzania Bara, HESLB, uliza maswali haya na uombe majibu kwa maandishi: nikihama programu mkopo unaendelea? Miaka niliyokwisha kufadhiliwa inahesabiwa? Nikiahirisha inakuwaje? Kuacha chuo hakufuti deni. Aliyekopa HESLB na akaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na anayeacha njiani anabaki na deni bila ya cheti cha kumsaidia kulilipa.

Hatua ya tano: igeuze digrii kutoka ndani

Digrii ina vipande vinavyosogea, ambavyo chuo kinakuachia uamue mwenyewe. Vipande vitatu ni vikubwa: fildi (mafunzo ya vitendo kazini), utafiti wa mwaka wa mwisho, na masomo ya hiari. Vikilengwa vyote kwenye kazi unayoitaka, utatoka na digrii ya uhasibu au ualimu huku mikono yako imeshazoea kazi nyengine.

Fildi kwanza. Wanafunzi wengi huipeleka barua kwenye ofisi ya wizara iliyo karibu na nyumbani, wakakaa wiki nane wakipanga majalada. Kama unasoma utawala wa biashara na unataka kazi ya teknolojia, ipeleke kwenye kampuni inayotengeneza mifumo, ukahesabu fedha zao asubuhi na kukaa na watengenezaji mchana. Kama unataka utalii, omba idara ya hesabu, manunuzi au uwekaji nafasi ya hoteli. Msimamizi wako wa chuo anataka kuona ripoti inayogusa ulichosomea. Mpe hiyo, halafu muda unaobaki utumie kwa unalolitaka.

Mwanafunzi wa ualimu hana uhuru huo, kwa sababu fildi yake ni kufundisha skuli. Yeye silaha yake ni utafiti. Tuseme kijana wa Wete anasoma ualimu wa hesabati na anataka kuingia kwenye uchambuzi wa data. Achague mada inayomlazimisha kukusanya takwimu nyingi na kuzichambua kwa programu: mahudhurio ya wanafunzi wakati wa msimu wa karafuu yakilinganishwa na miezi mengine, kwa mfano. Kamati itaipenda kwa sababu ni elimu na ni ya Pemba. Yeye atatoka na kazi ya data aliyoifanya mwanzo mpaka mwisho, ambayo anaweza kumwonyesha mwajiri yeyote. Tangu 2023 IIT Madras ina kampasi Zanzibar inayofundisha sayansi ya data na akili mnemba, hivyo fani hiyo sasa ina walimu na wanafunzi hapa hapa kisiwani. Nenda kwenye mihadhara yao ya wazi inapotangazwa, ujuane na watu.

Yule wa kemia mwenye hamu ya kusindika mwani naye utafiti wake uko tayari. Spinosum na cottonii hutoa aina mbili tofauti za karajinani (utomvu wa mwani unaogandisha vitu), moja huganda laini na nyengine huganda ngumu, na swali la ipi inafaa bidhaa gani ni utafiti na ni biashara kwa wakati mmoja. Maabara ya chuo ni bure kwako ukiwa mwanafunzi. Siku moja baada ya mahafali, kipimo kile kile utakilipia.

Masomo ya hiari na lugha yasipuuzwe. Mzanzibari anayesema Kiitaliano, Kifaransa au Kijerumani vizuri anasikilizwa kwenye utalii kabla hata hajaonyesha cheti. SUZA inafundisha lugha za kigeni, kazi iliyorithiwa kutoka iliyokuwa TAKILUKI (Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni), na ukiwa chuoni ni rahisi kuingia darasa hilo kuliko ukiwa na kazi na watoto. Kwa ujuzi wa mikono kama umeme, ufundi wa baridi na upishi, vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vinapokea pia watu wazima. Usiseme "mimi ni wa chuo kikuu, siendi amali". Hoteli inamlipa fundi wa baridi mwezi ambao mtu wa ofisini amepewa likizo bila malipo.

Hatua ya sita: kuzungumza nyumbani

Mradi wote huu unaweza kuvunjika kwenye kikao kimoja cha familia kilichoanza vibaya, kwa hiyo kiandae.

Mkono mtupu haulambwi. Usiende kwa baba na hisia peke yake. Nenda baada ya kujaribu kazi, ukiwa na karatasi ya hesabu na barua kutoka mahali ulipofanya kazi. Jua nani hasa analipa. Pengine ada inatoka kwa ami aliye Oman au kaka mkubwa, naye asikie kutoka kwako, asije akasikia kwa watu. Zungumza na mama kabla, au na mjomba mnayeelewana, umwombe awepo. Chagua wakati, baada ya sala ya isha watu wamekula, na siyo siku matokeo ya mdogo wako yametoka mabaya.

Unaweza kuanza hivi: "Baba, sikuja kuomba ruhusa ya kuacha chuo. Digrii nitaimaliza mwakani, inshallah. Lakini likizo iliyopita nilifanya kazi, na nimeona kuna jambo naliweza zaidi ya ualimu. Nataka muda huu uliobaki nijijenge huko pia. Naomba unisikilize, halafu uniambie unaonaje." Sentensi ya pili ndiyo inayobeba uzito. Mzazi aliyeuza karafuu au ng'ombe kwa ajili ya ada akisikia kwanza kwamba cheti kitapatikana, masikio yake yanafunguka kwa yaliyobaki.

Kwa binti anayetaka kazi ya hoteli, wasiwasi wa wazazi kuhusu zamu za usiku na usafiri ni wa kweli na unastahili majibu ya kweli. Uliza hoteli kama kuna gari la wafanyakazi, zamu zinaisha saa ngapi, na kama kanzu au hijabu inaruhusiwa kazini. Idara za hesabu, manunuzi na uwekaji nafasi huwa na saa za ofisi. Ukija na majibu hayo badala ya ahadi, mazungumzo yanakuwa mengine.

Wakikataa, usishindane siku hiyo. Omba mrudi kuzungumza baada ya matokeo ya semista. Na wewe mwenyewe, ukishakusanya habari zote, sali istikhara. Istikhara haichukui nafasi ya kwenda ofisi ya mkopo, vyote viwili vifanyike.

Hatua ya saba: linda GPA

Hili fupi. Kwenye mizani ya 5.0, daraja la pili la chini linaanzia 2.7, na shahada nyingi za uzamili zinaanzia hapo. Kwa hiyo 2.7 ndiyo sakafu yako, maana chini yake milango ya pembeni niliyoitaja inaanza kujifunga. Mwaka una semista mbili na likizo moja ndefu: semista ni za digrii, likizo ni ya kazi mpya, na katikati ya wiki tenga jioni mbili za kujifunza ujuzi wako. Mitihani ikibaki wiki nne, hizo jioni mbili zirudi kwenye digrii. Ukianza kupata sapu kwa sababu ya kazi ya pembeni, punguza kazi, usipunguze usingizi.

Hatua ya nane: mwaka wa mwisho

Anza kuandika CV kabla hujamaliza. Juu kabisa weka ulichofanya kwenye kazi mpya: fildi, utafiti, yule mtu anayetumia programu yako, msimu uliofanya kazi Paje. Digrii ifuate chini yake, na jina lake uliandike kama lilivyo. Usilipambe lifanane na kazi unayoomba, kwani mwajiri akiona transkripti utakuwa umejiharibia mwenyewe.

Utaulizwa: "Mbona ulisoma ualimu na unaomba kazi ya data?" Jibu kwa ufupi na kwa kujiamini. Nilianza ualimu, mwaka wa pili nikaijua kazi hii kwa kuifanya, nikaumaliza ualimu kwa sababu sipendi kuacha kitu njiani, na utafiti wangu wa mwisho ni huu hapa. Mpe nakala. Kisha mwambie kitu ambacho digrii yako inakupa na wenzako hawana: mwalimu anajua kueleza jambo gumu kwa mtu asiyelijua, na ofisi nyingi za teknolojia zimekosa mtu huyo.

Malizia na makaratasi. Lipa madeni ya maktaba na ada yote, kwa sababu chuo hakitoi cheti kwa anayedaiwa. Hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari, vyeti vya skuli na transkripti ni moja, herufi kwa herufi. Abdalla na Abdallah ni watu wawili mbele ya afisa ajira. Kama kuna tofauti, shughulikia hati ya kiapo au ya kubadili jina wakati bado uko chuoni, kabla tangazo la kazi halijatoka na siku za kuomba zikawa zinahesabika.